Kanjia ka Mazuku: Ukuta Wafika Kiunoni

Lango la mabati lilifunguka, na mwanaume aliyetoka ndani, amevaa koti la njano la kampuni, alikuwa Assumani. Mume wake Saumu.

Hapo ndipo gazeti la Ijumaa iliyopita lilipotunyang'anya hadithi. Aliyelikosa ajue hili tu: Assumani, dereva wa lori la mawe, alikuwa amempigia mkewe simu kusema kwamba amekwama Rutshuru, waasi wamefunga barabara, amwombee. Saumu alimwombea kila swala. Na sasa mtu wa Rutshuru huyu hapa Goma, asubuhi na mapema, vumbi la mawe limemkaa hadi kwenye nyusi.

"Umefika lini?" Saumu aliuliza.

"Mama Ismael, acha nikuelezee..."

"Niko nakuuliza umefika lini. Ama Rutshuru imehamia hapa na sisi hatukuambiwa?"

Wanawake waliosimama nyuma yake wakacheka kicheko kikavu. Wengine walikuwa na bidoni za maji, wengine na beseni za samaki. Wote walikuwa watu wa kanjia, ile njia yetu ndogo ya miguu, na wote walikuja kwa jambo moja: kuzuia mdomo wa bonde usizibwe siku hiyo.

Msomaji ambaye hajafika kwetu anaweza kuuliza, mdomo gani? Kanjia hako kanatoka juu kwenye nyumba za watu, kanashuka hadi ziwani, kisha kanafuata ufuko kuelekea Sake. Katikati kanapita kwenye bonde dogo la mawe ya volkano. Bondeni humo ndimo yanamotoka mazuku, hewa mbaya ya chini ya ardhi. Haina rangi. Ni nzito, inalala chini kama maji, na anayeivuta halalamiki. Anasinzia tu, basi.

Watoto wa huko wanafundishwa mapema: ukifika bondeni usiiname. Kitu kikianguka, kiache. Mtoto mdogo abebwe mabegani. Kwa kufuata hayo watu walipita miaka na miaka bila kufa, kwa sababu mazuku yalifika kwenye vifundo vya miguu tu. Upande wa ziwa bonde lina uwazi, mpana kama mlango, na hewa ile ilitiririka ikapitia hapo, ikaenda zake.

Kwenye uwazi huo kampuni ya Cité Bel Horizon, yenye kujenga mtaa mpya wa kuuza, ilikuwa inajenga ukuta. Ukuta ulikuwa umefika kiunoni. Mazuku nayo yalikuwa kiunoni.

"Wameniahidi parcelle," Assumani alisema kwa sauti ya chini. "Badala ya mshahara. Kiwanja chetu, Saumu, ndani ya cité. Tangu volkano imeze nyumba yetu ya Birere tunakaa kwa watu. Miaka kumi tunakaa kwa watu! Nilitaka nikuletee ufunguo, usiulize maswali, ufurahi tu."

"Kwa hiyo mawe ya ukuta huu ni wewe unayeyaleta."

Assumani alifuta vumbi kwenye nyusi. Lori lake lilikuwa limesimama nyuma yake, limejaa mawe hadi juu.

"Kikulacho kiko mu kikwembe yako!" sauti moja ikapaa kutoka katikati ya wanawake, na safari hii watu walicheka kweli.

Alikuwa Clotilde, muuza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, mfupi, mnene, rafiki wa Saumu tangu kambi ya wakimbizi. Alijipenyeza mbele akamshika Saumu mkono.

"Dada, usilie. Wako analeta mawe, wangu anayapanga. Muangalie pale juu!" Alinyoosha kidole. Kwenye jukwaa la ukuta alisimama mume wake, fundi Ntirenganya, mwiko mkononi. "Asubuhi miye napigana na ukuta, yeye anaujenga. Jioni tunakula sahani moja. Na bado ananiombaga pilipili!"

"Leta pilipili, uache siasa!" Ntirenganya akajibu kutoka juu.

Saumu alitaka kucheka, akashindwa. Kuna jambo lilikuwa limemkata ndani. Clotilde alijua mume wake anajenga. Yeye, Saumu, alikuwa ameomba dua kwa ajili ya uongo.

Ndipo akatoka Ingénieur Gauthier, mhandisi wa kampuni.

Alikuwa kijana wa Butembo, mpole, mwenye kuvua kofia anapoongea na wakubwa. Tusimhukumu haraka. Kwenye chantier, eneo la ujenzi, ya kwanza aliyofanyia kazi, aliwahi kumtoa mtoto wa mlinzi kwenye msingi uliochimbwa, mtoto amekufa kwa mazuku, mdomo wazi. Hakuisahau sura ile.

"Mama Saumu, bonjour. Ninawaheshimu wamama wote. Lakini ukuta huu unalinda maisha. Bila ukuta, mazuku itaingia mu nyumba, watoto watalala wasiamke."

"Watoto wa nani?"

"Wa wenye watakaa ndani."

"Na wenye wanapita inje?"

Gauthier aligeuza kofia mikononi. "Kwenye ramani yangu hakuna njia hapa, mama."

"Wakati wa volkano tulikimbilia humu," Saumu alisema. "Moto ulikata mji katikati, na kanjia haka kalitutoa. Sasa waasi wako Kibati. Wakiingia mjini, barabara kubwa itajaa camions za jeshi, na watu watapita wapi? Watapita hapa, hata kama ramani yako haikukuambia. Sisi hatusemi musijenge. Tunasema muache mdomo. Mlango mumoja tu."

"Nikiacha mlango, mazuku itapitia hapo iingie kwenye parcelles za chini. Nani atanunua?"

"Ah! Sasa umesema," Clotilde akadakia. "Leteni moto, tumuonyeshe Ingénieur kitu haiko kwenye ramani."

Watu wakashuka naye bondeni, wamesimama wima kama walivyofundishwa, hadi chini ya ukuta. Clotilde akafunga karatasi kwenye kijiti, akaiwasha, akaishusha polepole. Usawa wa kifua ikawaka. Usawa wa kiuno cha Saumu ikazimika ghafla, kama mtu ameipuliza.

"Kwa Saumu ni kiuno," Clotilde akatangaza. "Kwangu miye ni matiti! Mukiongeza jiwe moja tu, Ntirenganya ataoa mwingine!"

"Nilisha muona, iko murefu!" Ntirenganya akapiga kelele, na bonde zima likaangua kicheko. Hata mlinzi wa lango, Hilaire, aliyekuwa na bunduki ya kuazima na kofia kubwa kuliko kichwa chake, alicheka.

Bomu likaanguka.

Lilianguka upande wa uwanja wa ndege, mbali, lakini mabati ya lango yalitetemeka. La pili lilifuata, karibu zaidi. Hilaire alishtuka, kidole chake kikashtuka pamoja naye, na bunduki ya kuazima ikalia juu ya vichwa vya watu.

"Laleni chini!"

Ilikuwa sauti ya Saumu. Haikutoka kichwani mwake. Ilitoka kwenye miguu na mgongo, kwenye vita vyote alivyopita tangu ujana. Mtu wa Goma akisikia risasi, magoti yanakunjika kabla ya akili kufika. Wanawake wakalala kifudifudi, bidoni zikabingirika, na Saumu mwenyewe akalala, shavu kwenye jiwe, mikono juu ya kichwa.

Walilala ndani ya mazuku.

Alihisi uchachu puani, kama mtu aliyekunywa soda kwa pupa. Moyo ukaanza kugonga mbio. Akafikiri, risasi zimenyamaza, nisubiri kidogo. Kisha fikra moja ikamwingia kama maji baridi: nimewaambia nini?

"Simameni!" Assumani alikuwa amebaki langoni, juu ya lori lake, anaona bonde lote. Alikuwa anapiga bodi ya lori kwa ngumi zote mbili. "Saumu! Simama! Mazuku! Simameni wote!"

Saumu akabana pumzi, akajisukuma juu ya magoti, akasimama. Dunia ilizunguka. Wengine nao walisimama, wanayumba, wanatapika. Wengine hawakusimama. Mwanamke mmoja aliinama kumwinua mwenzake, na yeye akaenda chini kimyakimya, kama mtu anayelala kitandani kwake.

"Musiiname!" Saumu akapaza sauti. "Vueni vikwembe! Vuta pumzi juu, shuka, funga chini ya makwapa, simama! Halafu vuta!"

Assumani aliruka kutoka kwenye lori akaingia. Wakafanya kazi wawili wawili, mume na mke, bila kuongea, pumzi juu, chini, fundo, juu. Aliyefungwa aliburutwa hadi kwenye mwinuko wa lango. Mmoja mmoja walikohoa, wakafungua macho, wakalia kama watoto waliozaliwa sasa hivi.

Clotilde alipatikana wa mwisho. Alikuwa amelala chini kabisa ya ukuta, pale mazuku yalipokuwa mazito kuliko kote. Kijiti cha karatasi kilikuwa bado mkononi.

Walimpepea. Walimmwagia maji. Ntirenganya alishuka kwenye jukwaa bila ngazi, akampulizia mdomoni, akampiga mashavu, akamwita kwa jina la nyumbani ambalo watu hawakuwahi kulisikia. Clotilde hakuamka.

Mama mmoja akaanza rozari. Saumu akasema dua ya kwao, kwa ndani, midomo bila sauti.

Gauthier alimvuta kando. Uso wake ulikuwa mweupe kama majivu, lakini maneno yake yalikuwa yamepangwa.

"Mama Saumu, nisikilize vizuri. Risasi ya Hilaire haikugusa mutu. Sauti iliyosema walale, ilikuwa yako. Watu wote wamesikia. Ntirenganya hajasikia, alikuwa juu na mabomu yalikuwa yanalia. Miye naweza nisimwambie. Rudisha wamama nyumbani, ukuta umalizike leo, na neno hilo litazikwa pamoja na marehemu."

"Na kama sitawarudisha?"

"Basi atajua nani alimuua muke wake."

Assumani alikuwa amesikia. Alimshika mkewe bega. "Kubali," alinong'ona. "Mama Ismael, nakuomba kwa Mungu. Ntirenganya yuko na nyundo pale. Kubali, twende."

Saumu alimtazama mwanaume huyu aliyemdanganya kwa sababu ya kumtafutia nyumba, na ambaye saa hii hii alikuwa ameingia kwenye kifo kumtafutia watu wake. Hakujua amweke upande gani. Akauondoa mkono wake begani, polepole, bila hasira.

Alikwenda hadi alipopiga magoti Ntirenganya.

"Nani alisema walale?" fundi aliuliza wakati huohuo, bila kuinua kichwa. "Clotilde hangelala peke yake. Anajua mazuku kuliko sisi wote. Nani aliwaambia walale?"

Wanawake walitazama mawe. Waliokuwa wanakohoa wakabana kikohozi. Saumu aliona kwamba walikuwa wanamficha, wote, na kwamba wangemficha hadi kaburini.

"Ni miye," alisema.

Ntirenganya aliinua kichwa.

"Nilisikia risasi nikapiga kelele, laleni. Sikufikiri. Clotilde aliniamini akalala. Ni miye, papa. Na mazuku ilikuwa kiunoni kwa sababu ya ukuta huu. Zamani wangelala hapo wangeumwa kichwa tu, wangeamka. Hayo yote mawili ni ya kweli, na sitakuficha hata moja."

Assumani alijiweka katikati yao. Watu walisubiri nyundo.

Ntirenganya hakushika nyundo. Alimfunika mkewe uso kwa kikwembe, akakikunja vizuri pembeni, kama anayefunga mtoto. Akasimama. Akaokota mwiko wake.

"Papa Ntirenganya, unaenda wapi?" Saumu akauliza.

"Kumaliza kazi."

"Kazi gani?"

"Kanjia haka kamekula muke yangu," alisema. "Kafungwe. Kangefungwa jana, hangekuja hapa leo. Kakifungwa leo, hata mutu mumoja hatakufa hapa tena."

Alipanda upande wa ndani wa ukuta, mahali palipojazwa udongo juu, akachovya mwiko kwenye saruji na kuweka jiwe kwenye mdomo wa bonde. Akaweka la pili. Gauthier alifungua kinywa kusema kitu, labda kumzuia, labda kumshukuru. Lakini bomu la tatu lilianguka, na Hilaire akatupa bunduki akakimbia. Dakika iliyofuata gari la kampuni liliondoka likiwa na Ingénieur ndani na mlango wa nyuma wazi.

Wanawake walimbeba Clotilde kumwingiza kwenye kibanda cha chantier, pamoja na waliokuwa hawajaweza kutembea. Nje wakabaki watatu: fundi, dereva na Saumu.

Saumu alishuka tena bondeni, kichwa juu, hadi mdomoni. Ukuta sasa ulikuwa umepita kiuno. Aliweka mikono kwenye jiwe la mwisho, saruji bado mbichi, akalisukuma likaanguka upande wa pili.

Ntirenganya akaliokota, akalirudisha.

Akalisukuma tena.

"Toka, mama."

"Sitoki. Ukifunga hapa haufungi kanjia, kenyewe kanapita kando ya ukuta. Unafunga mlango wa mazuku. Itajaa bonde lote. Watu watapita tu, papa! Hawana pengine pa kupita. Watapita ndani ya maji wasiyoyaona."

"Wasipite."

"Nani atawaambia?"

Ntirenganya alikuwa na haki ya kufunga njia iliyomuua mkewe. Saumu alikuwa na haki ya kuizuia isiue wengine. Kwetu sisi tuliokaa mbali na saruji hiyo ni rahisi kuchagua. Wao walikuwa wameshikilia jiwe moja, huku na huku, pua kwa pua, wote wawili wanalia.

Assumani alimuona Ntirenganya anaacha jiwe lile na kunyanyua lingine, kubwa, kwa mikono miwili, juu ya kifua. Akadhani anataka kumponda mkewe. Alishuka mbio, akamkumbatia Saumu kiunoni kwa nyuma, akamvuta kwa nguvu zake zote. Saumu alikuwa ameshika ukuta. Hakuachia.

Jiwe kubwa likakaa mahali pake.

Vidole vinne vya mkono wa kushoto wa Saumu vilikuwa chini yake.

Hakupiga kelele. Alitoa pumzi tu, ndefu, akataka kwenda chini, ndani ya mazuku. Assumani akamshikilia asimame. "Inua!" alimlilia Ntirenganya. "Inua, ndugu yangu, vidole! Vidole vyake!" Fundi alikuwa ameganda, anatazama damu inavyochanganyika na saruji, kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Kisha wote wawili wakalivamia jiwe, macho kwenye jiwe tu, wanahangaika, wanateleza.

Saumu peke yake ndiye aliyekuwa amegeuza kichwa kutazama juu.

Kwenye ukingo wa bonde, kanjia kanapoanza kushuka, kulikuwa na watu. Kwanza wachache, kisha ukingo wote ukajaa. Magodoro vichwani, masufuria mgongoni, chukudu, zile baiskeli za mbao za kusukuma, zilizopakiwa wazee na magunia. Kutoka upande wa Katindo walikuwa wanakuja wengine, na wengine nyuma yao, na waliokuwa nyuma walikuwa wanasukuma. Hawakuwa watu wa kanjia. Hawakuwa na watoto mabegani. Waliwashika mikono tu, watoto wanatembea kando yao, wafupi, vichwa vyao usawa wa kiuno cha mama zao.

Mawe matatu yalikuwa yameongezwa tangu Clotilde azime karatasi yake.

"Mama!" mwanamke wa mbele alimwita Saumu. Alikuwa amemshika msichana mdogo mwenye viatu vya shule. "Mama, njia hii inatokea ziwani?"

Mkono wa Saumu ulikuwa ndani ya ukuta. Miguu yake haikuweza kwenda popote. Kitu pekee kilichobaki huru kwake kilikuwa sauti, na asubuhi hiyo hiyo sauti hiyo ilikuwa imetamka neno moja, na neno hilo lilikuwa limeua.

Alivuta pumzi kutoka juu, kama alivyofundishwa utotoni.

Msichana mwenye viatu vya shule alikuwa amekwisha achia mkono wa mama yake, na kushuka bondeni.

(Itaendelea Ijumaa ijayo.)